Kabla Hatujalazimika Kuwarudisha

Maneno haya juu ya mbwa mwitu niliyasema Nachingwea, mkoani Lindi, mbele ya wakulima, wafugaji, wanafunzi na viongozi wa vijiji vinavyopakana na pori. Wengi hawakufika kwa kuwa ni msimu wa korosho, wakaomba yaandikwe. Nimeyaacha kama yalivyotoka. Kilichopungua ni picha za ukutani tu.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi wanangu wa sekondari mliokaa chini pale mbele, hamjambo?

Nianze kwa kuuliza. Nani humu ndani amemwona mbwa mwitu kwa macho yake mwenyewe? Nyoosheni mikono. Naona mikono michache, tena ya wazee. Haya, nani amewahi kusikia habari mbaya za mbwa mwitu? Naam. Karibu ukumbi mzima.

Hapo ndipo kazi yetu ya leo ilipo. Tunamchukia mnyama ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona.

Nimefanya kazi ya mifugo katika mikoa hii miwili ya Lindi na Mtwara mpaka nilipostaafu, na nimekuja kuzungumza juu ya mbuzi wenu na usalama wa watoto wenu pamoja na juu ya mnyama huyu. Nitawapeleka pia Marekani na Ulaya, ambako kuna mbwa mwitu wa aina nyingine, wa kijivu, mkubwa kuliko wetu mwenye mabaka na masikio ya duara. Ni wanyama tofauti, lakini waliyotendewa na binadamu yanafanana mno. Kule walimmaliza, kisha wakageuka wakaanza kumrudisha. Sisi wa kusini bado tunaye. Kwa nini tusubiri mpaka tumpoteze ndipo tujifunze kuishi naye?

Kabla sijafika huko, nataka niseme neno juu ya hofu. Wako wageni wanaokuja hapa na kuwaambia wanakijiji kwamba hofu yao ni ujinga. Mimi sitasema hivyo, kwa sababu nayajua ya hapa. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za nchi nzima walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba kati ya mwaka 1990 na 2004, na wengine zaidi ya 300 waliojeruhiwa. Sehemu kubwa ya msiba huo ilitukuta sisi, huku kusini: Lindi, Mtwara, Rufiji. Wengine waliuawa wakiwa wamelala shambani wakilinda mazao.

Mnalijua dungu, ninyi. Miti minne, sakafu ya fito, paa la makuti, na debe bovu la kupiga nguruwe wakija. Baba analala pale na mwanawe wa miaka kumi kwa sababu bila kulinda hakuna mavuno. Nguruwe anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, na katikati yao yuko mtu aliyejifunika kanga. Mashambulizi yaliongezeka msimu wa mavuno, tena mahali ambapo wanyama wengine wa kuliwa na simba walikuwa wamekwisha na nguruwe pori wamejaa. Na baada ya kifo ilikuja shida ya pili: watu wakasema huyu simba ametumwa, jirani akamnyooshea jirani kidole, koo zikavunjika. Je, kuna mtu anayeweza kuwaambia waliopitia hayo kwamba wanaogopa bure?

Kwa hiyo hofu iheshimiwe. Lakini hofu ikishaingia haichagui. Aliyemwogopa simba anamwogopa na fisi, anamwogopa na mbwa mwitu, na wote wanahukumiwa kwa kosa la mmoja. Mbwa mwitu wetu hana historia ya kuwinda watu. Mbuzi anakula, sitawaficha, hasa mbuzi waliotawanyika porini bila mchungaji. Lakini mtu? Hapana.

Niwape kisa. Niliwahi kuitwa kwenye kijiji kimoja kilicho karibu na pori, kwa mama mjane aliyekuwa na mbuzi wanne. Usiku mmoja wawili wakafa ndani ya zizi. Nilipofika asubuhi, vijana walikuwa wameshakunja nyaya za mitego na mzee mmoja ameshika chupa ya sumu ya kupaka kwenye nyama. Kijiji kizima kinasema: mbwa mwitu. Nikaomba niwaone mbuzi. Mmoja alikuwa amelala pale pale, hajararuliwa popote, isipokuwa matundu ya meno kwenye koo, membamba, yamezama. Wa pili hakuwepo. Tulifuata mburuzo mpaka nyuma ya mkorosho mkubwa, tukamkuta juu, amening'inizwa kwenye panda la mti.

Nani anayepandisha mbuzi juu ya mti? Wanangu, jibuni. Chui! Mbwa mwitu hapandi mti. Na huwinda zaidi alfajiri na jioni, akikimbiza mawindo mbugani; kuingia kwenye zizi lililofungwa usiku wa manane si desturi yake. Vijana walikunjua zile nyaya. Lakini jiulizeni, siku ambayo mtu wa mifugo hakuitwa, ni mbwa mwitu wangapi walilipa deni la chui?

Na yule mama je? Kwake aliyemla mbuzi awe chui au mbwa mwitu, yote mamoja. Mbuzi wawili ndio sare ya shule, ndio nauli ya hospitali. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua huchukuliwa na mwewe. Mazungumzo yoyote ya kuhifadhi wanyama yasiyoanza na mama yule, mimi siyaamini.

Sasa tuvuke bahari.

Marekani kuna hifadhi iitwayo Yellowstone, hifadhi ya taifa ya kwanza katika nchi ile, ilianzishwa mwaka 1872. Hata ndani ya hifadhi hiyo, mbwa mwitu waliuawa na watumishi wa serikali wenyewe. Kufikia mwaka 1926 walikuwa wamekwisha. Yaani mlinzi wa wanyama ndiye aliyekuwa muuaji, kwa sababu siku hizo mnyama mla nyama alihesabiwa kuwa mharibifu tu. Na msidhani ni kwao peke yao. Zimbabwe, ilipokuwa ikitawaliwa na wazungu, iliua mbwa mwitu wa aina hii yetu zaidi ya 3,000 kati ya mwaka 1956 na 1975, kwa amri ya serikali.

Yellowstone walikaa takriban miaka 70 bila mbwa mwitu. Swala wao wakubwa wakaongezeka, wakala miti michanga mpaka kwenye kingo za mito. Mwezi Januari 1995 malori yakaingia na masanduku ya chuma, ndani mna mbwa mwitu kutoka Kanada. Watoto wa shule walipangwa barabarani kuwalaki. Mwaka ule walikuja 14, mwaka uliofuata 17. Fikirieni gharama ya kumkamata mnyama nchi nyingine, kumsafirisha, kumlinda, na kwenda mahakamani na wafugaji wasiomtaka, kwa ajili ya kitu ambacho babu zenu walikuwa nacho bure!

Lakini sikilizeni cha Colorado, maana hiki kinatuhusu zaidi. Mwaka 2020 jimbo hilo lilipiga kura: turudishe mbwa mwitu au tusirudishe? Waliosema ndiyo walishinda kwa chupuchupu, kama 51 kwa 49. Na kura za ndiyo zilitoka wapi? Mijini, kwa wingi. Na mwezi Desemba 2023 wanyama wale wa kwanza walifunguliwa wapi? Vijijini, kwenye nchi ya wafuga ng'ombe, ambao wengi wao walisema hapana. Haukupita muda, ng'ombe wakaanza kuliwa, na uchungu wa wafugaji ukawa mkubwa kuliko thamani ya ng'ombe, kwa sababu walijiona wameamuliwa mambo yao na watu wengine.

Mnaisikia sauti hiyo? Sisi tunaijua. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wangindo wengi wa Liwale, sababu iliyotajwa ikiwa ugonjwa wa malale, na nchi waliyoiacha ikaunganishwa na pori la akiba la Selous. Mashamba yakabaki, makaburi yakabaki. Mzee wa Liwale akisikia leo kwamba kuna mpango wa wanyama, kitu cha kwanza kinachomjia ni hama. Mnyama na amri vimefika kwake pamoja kwa vizazi. Ndiyo maana nasema kwa viongozi waliokaa hapa mbele, kwa heshima zote: mkitaka watu wambadilishie mbwa mwitu moyo, njooni kuwauliza kabla ya kuja kuwaambia.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo linalofuata, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Italia, kwenye milima ya Abruzzo, mbwa mwitu hawakuisha kabisa. Walipungua sana, mpaka ilipofika mwaka 1971 ndipo serikali ikaanza kuwalinda, wakiwa wamebaki kama 100 tu nchi nzima. Lakini kwa kuwa hawakuisha, wachungaji wa Abruzzo hawakuacha mila zao. Wana mbwa wakubwa weupe ambao hulelewa na kondoo tangu wakiwa watoto, wanalala nao, wanawaona kondoo kuwa ndugu zao. Shingoni mbwa huyo anavalishwa kola ya chuma yenye miiba, ili adui asimkabe koo. Usiku kondoo wanarudi zizini na mchungaji analala karibu.

Ufaransa, mlima wa pili tu, mbwa mwitu waliisha miaka ya 1930. Wachungaji wakastarehe. Kondoo wakaachwa mlimani kiangazi kizima bila mtu. Mbwa wa kulinda wakapotea, ujuzi ukapotea, wazee waliojua wakafa. Mwaka 1992 mbwa mwitu wawili wakavuka wenyewe kwa miguu kutoka Italia, wakaonekana katika hifadhi ya Mercantour. Kilichofuata ni maafa ya kondoo, maandamano na hasira ambayo mpaka leo haijatulia. Ujerumani nako watoto wa kwanza wa mbwa mwitu walizaliwa mwaka 2000, wazazi wametoka Poland, na wafugaji wakalazimika kujifunza upya, kwa fedha nyingi, mambo ambayo mababu zao walikuwa wakiyafanya.

Mnyama ni yule yule kwa Mtaliano na kwa Mfaransa. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja alibaki na maarifa.

Wazee wangu, maarifa ya hapa yako wapi? Nilipoanza kazi nilikuta wazee waliojua kufunga zizi kwa miiba iliyopangwa mashina ndani na matawi nje, ikiwa mirefu kumpita mtu. Walijua ni bonde gani mbwa mwitu huzalia kipindi cha kiangazi, na kipindi hicho hawapeleki mbuzi kule. Walijua mbuzi haachiwi mtoto mmoja mdogo mwenye njaa. Leo napita vijijini nakuta zizi la fito sita na kipande cha chandarua. Nakuta mbuzi wanazurura porini siku nzima kwa sababu watoto wako shule, na ni vizuri wako shule, lakini hatukupanga nani achukue nafasi yao. Kisha mbuzi akiliwa tunatafuta sumu. Na sumu ile anaila mbwa mwitu, anaila tai, anaila mbwa wako mwenyewe wa nyumbani.

Wenzetu wafugaji waliofika na ng'ombe kutoka bonde la Ihefu kule Mbeya na kwingineko miaka ile ya 2006 na 2007 wana ujuzi mkubwa wa kulinda mifugo. Najua mahusiano hayajawa mepesi, mashamba yameliwa, watu wamegombana. Lakini kwenye jambo hili kaeni nao. Waulizeni wanavyolinda ndama.

Sasa fedha. Kila ninapozungumza, lazima mtu aulize: na fidia je? Ni swali la haki. Nchi yetu ina kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, na kila aliyewahi kufuatilia anajua jinsi karatasi zinavyotembea polepole. Hilo lazima lisemwe na lirekebishwe.

Lakini nisiwadanganye, fidia pekee haibadilishi moyo. Marekani, jimbo la Wisconsin, watafiti waliwauliza wafugaji waliolipwa fidia na wasiolipwa, wakachapisha majibu mwaka 2003. Waliolipwa hawakuwa wavumilivu zaidi kwa mbwa mwitu kuliko wenzao. Kwa nini? Kwa sababu fidia inakuja na msiba. Unalipwa siku unayolia. Mnyama akiwa hai na hajala kitu, hupati chochote kutoka kwake.

Sweden waligeuza. Tangu mwaka 1996 jamii za Wasami wanaofuga kulungu wa baridi hulipwa kwa kuhesabu wanyama wala nyama wanaozaliana kwenye ardhi yao, kulungu awe ameliwa au hakuliwa. Na msiseme hayo ni ya matajiri. Hapa hapa Tanzania, Iringa, vijiji vinavyopakana na Ruaha vimewekewa kamera za kujipiga zenyewe kwenye ardhi ya kijiji, wanakijiji ndio wanaozisimamia. Kila mnyama anayepigwa picha anakipatia kijiji alama, na mla nyama aliye hatarini huleta alama nyingi zaidi. Alama zinageuka dawa za mifugo, vifaa vya zahanati, mahitaji ya shule. Mtu anaamka anaomba mnyama apite kwenye kamera ya kijiji chake! Kwa nini Liwale isiwe na hiyo? Kwa nini Nanyumbu, kule Lukwika-Lumesule ambako pori linashuka mpaka Ruvuma, isiwe na hiyo?

Afrika nzima wamebaki mbwa mwitu takriban 6,600, na pori letu linaloanzia Selous na Hifadhi ya Nyerere hadi Niassa, Msumbiji, ni moja ya ngome zao kubwa zilizobaki duniani. Msumbiji hiyo hiyo tunayoiona ng'ambo ya Ruvuma, hifadhi ya Gorongosa iliwapoteza nyakati za vita, na mwaka 2018 ikabidi walete 14 kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Serengeti yetu iliwapoteza mwaka 1991, wakaanza kurudishwa mwaka 2012, wakichukuliwa kutoka Loliondo, kwenye nchi ya wafugaji.

Na mnajua kilichowamaliza Serengeti? Maradhi, na kichaa cha mbwa kikiwa miongoni mwao. Maradhi ya mbwa wa nyumbani. Hili ni rahisi kuliko yote na tunaliweza. Mwaka 2010 mpaka 2015 mikoa yetu ilikuwa kwenye kampeni kubwa ya chanjo ya mbwa. Mnakumbuka watoto wamepanga foleni chini ya mwembe, kila mmoja kamshika mbwa wake kwa kamba ya katani, na wengine mbwa ndiye anayemvuta mtoto. Sehemu kubwa ya visa vya kichaa vilivyorekodiwa Lindi na Mtwara imekuwa kwa bweha, na hata hivyo ushahidi umeonyesha kwamba ukichanja mbwa wa nyumbani ugonjwa unashuka kwa wote. Sindano moja inamlinda mwanao, inamlinda mbwa wako, inamlinda na mbwa mwitu asiyejua hata jina lako.

Nani kati yenu anajua kwamba mbwa mwitu wakiua swala, watoto ndio wanaokula kwanza? Wakubwa wanasimama pembeni, njaa inawauma, wanangoja. Aliyebaki pangoni kulea analetewa chakula tumboni na kutapikiwa. Aliyevunjika mguu analishwa. Huko Botswana watafiti waliona, wakaandika mwaka 2017, kwamba kabla ya kwenda mawindoni hupiga chafya, na chafya zikiwa nyingi ndipo kundi linaondoka. Wanakubaliana. Mimi nampenda mnyama huyu, nasema wazi mbele yenu, na moyo unaniuma kila ninapokuta mmoja na waya wa mtego umezama shingoni.

Nisiwafiche na hili: hata kule Ulaya mambo hayajatulia. Mbwa mwitu wamepita 20,000, na mwezi Desemba 2024 nchi zilizo kwenye Mkataba wa Bern, yaani mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyamapori, zilipiga kura kupunguza kiwango cha ulinzi wao, kwa sababu wafugaji walilalamika muda mrefu. Msimamo wa watu unapanda na kushuka. Sitarajii mtoke hapa leo mnamshangilia mbwa mwitu.

Naomba matatu tu. Kila kijiji kiwe na daftari kwa mtendaji: mnyama gani ameliwa, saa ngapi, zizini au malishoni, majeraha yakoje, na aitwe mtu wa mifugo kabla ya sumu. Chanjo ya mbwa ikitangazwa, mbwa wote watoke. Na vijana wa sekondari mwende kwa wazee wenu mkaandike walivyojenga mazizi na walivyojua mabonde ya kuzalia, jina la kila bonde.

Nimesema vya kutosha, sasa zamu yenu. Yule mzee wa kofia aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Liwale, mpelekeeni kipaza sauti. Shikamoo baba, karibu.